Kwa Nini Kuku Akinywa Maji Hutazama Juu

Mvua hii ya Tukuyu haikatiki leo, basi nisikilizeni. Na wewe Atupele, najua chuo kimekufundisha kuuliza kinyesi cha tembo kilikwenda wapi kwenye safina. Kilitupwa dirishani, mjukuu wangu. Tuendelee.

Zamani hizo kuku alikunywa maji kama mbuzi, kichwa chini mpaka kiu iishe.

Gharika ilipokaribia, Nuhu alisimama mlangoni na orodha yake. Wanyama wote wakaingia, isipokuwa kuku mmoja. Alikuwa akiatamia mayai saba, zimebaki siku tatu yaanguliwe, na kuku anayeatamia hatoki hata nyumba ikiungua. Jogoo wake alishaingia zamani, tena amechagua kona nzuri. Wanaume!

Maji yalipogusa kiota, kuku akalia. Mkewe Nuhu, Mama Shemu, akamsikia. Akashuka mbio, akamzoa kuku na mayai yake ndani ya kanga, akarudi amelowa chapachapa.

"Mayai hayamo kwenye orodha," Nuhu akasema.

"Baba Shemu, mbu umewapokea, watoto wa mwenzangu ndio wakukoseshe nafasi? Hebu sogea nipite."

Nuhu akasogea. Alikuwa na akili yule mzee.

Vifaranga wakaanguliwa humo humo, mvua ikipiga paa. Mama yao hakuwa na raha. Kila akichovya mdomo kwenye maji, aliinua kichwa kutazama paa: linavuja? Wanangu watapona? Funda moja, anatazama. Funda jingine, anatazama tena.

Mlango ulipofunguliwa, wanawe wote saba walitoka, wakubwa sasa, wakakimbilia nyasi mbichi. Kuku akakuta kidimbwi, akachovya mdomo, akainua kichwa kwa mazoea. Hakuona paa. Aliona mbingu tupu, imetulia. Akasimama hapo maji yakimshuka kooni, akasema, "Asante." Akanywa tena, akasema tena.

Na tangu siku hiyo kuku hanywi funda bila kutazama juu.

Safina uiamini usiiamini, Atupele, shauri yako. Ila ulizaliwa miezi miwili kabla ya siku zako, mvua kama hii, na gari hakuna. Jirani yetu Mama Lusekelo alikufunga kifuani kwa kanga yake, akakimbia na wewe kwenye tope mpaka hospitali. Haya, nimiminie chai. Na ukiniona nikinywa funda natazama juu, usinicheke.