Gari Lililosomewa Dua

"Kamati ya Maonyesho ya Magari ya Kale inawatangazia wananchi wote wa Arua, Koboko na vitongoji vyake kwamba siku ya Jumamosi magari yote yatakayoegeshwa uwanjani yataelekezwa pua upande wa mashariki. Gari litakaloelekezwa upande mwingine halitakaguliwa. Ni wajibu wa kila mwenye gari kujua mashariki ni wapi."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye milango ya ofisi, likasomwa redioni mara tatu kwa siku, na halikueleza sababu. Wahenga, ambao nao hawakuwa na desturi ya kueleza sababu, walisema kwamba kizuri hakikosi ila. Walimaanisha kuwa hakuna kitu wala mtu aliyekamilika hata akakosa doa. Doa likishapatikana lifanywe nini, hawakusema. Hadithi hii inahusu bonde dogo kwenye paa la gari.

Mariam Poni, mkunga mstaafu wa Koboko, alijua mashariki ni wapi. Alifika uwanjani Arua saa mbili asubuhi akiendesha mwenyewe, mgongo umenyooka kama rula ya mwalimu. Gari lake lilikuwa Mini la mwaka 1964, fupi kama jibu la mtu mwenye hasira. Rangi yake ilikuwa kijani kibichi cha majani ya muhogo. Vitasa vilikuwa vya shaba, viti vimevikwa kitenge, na sakafu imefuliwa upya kwa bati la mapipa. Chini ya boneti ilikaa injini ndogo ya Kijapani iliyoingia kupitia mpaka wa Vurra juu ya lori la vitunguu. Kwa ajili ya njia mbovu za Midia, kijiji chao, gari zima lilikuwa limeinuliwa shubiri moja, likawa limesimama kama jogoo aliyesikia jina lake. Watu waliyaacha magari makubwa wakaja kulizunguka. Mariam Poni hakutabasamu. Aliyekuwa amezalisha nusu ya Koboko hakuwa na haja ya kuomba kutazamwa.

Gari hilo lilikuwa la baba yake, Sajini Swadiki, aliyelinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipokaribia na watu wa Koboko wakaanza kuvuka mpaka kuingia Kongo, kila nyumba ilizika mali yake. Wengine walizika mabati, wengine cherehani, wengine masufuria. Sajini Swadiki alizika gari. Alilipaka grisi, akalifunga turubai, akalishusha shimoni huko Midia na kulifunika kwa magogo na udongo. Kisha akapanga mawe pembeni na kusimika jiwe refu upande wa kichwa, kama afanyiwavyo marehemu. Binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na malengelenge viganjani, alimwuliza sababu. Mzee alimjibu kwamba kaburi halichimbwi na mtu mwenye akili, na wezi wana akili.

Sajini alifia ukimbizini, akazikwa Aru, upande wa Kongo. Mariam Poni aliporudi Midia mwaka wa themanini na sita, alilikuta kaburi la gari limepaliwa majani. Jiwe lilikuwa limepakwa chokaa, na juu yake limeandikwa jina kwa rangi nyeusi: MUZAMILI.

Aliyeliandika ni Siraji, mkulima jirani aliyerudi kabla yake. Ami yake, Koplo Muzamili, alipotea katika vita vile bila habari wala nguo iliyorudi. Siraji alipokuta kaburi changa kando ya shamba la ami yake, alimshukuru Mungu kwamba walau kuna aliyemsitiri. Kweli kaburi lilikuwa pana kupita kawaida, lakini ami naye alikuwa mtu mnene. Kila Idi Siraji alikwenda na wanawe kusoma Yasini. Kila masika jiwe lilizama kidole kimoja, naye aliwaambia watoto kwamba babu yao anajiweka sawa.

Mariam Poni alikusudia kumwambia. Alikusudia mwaka ule, na mwaka uliofuata. Lakini gari halijapata kuwa na mlinzi aliye bora kuliko mtu anayelililia, na yeye hakuwa na banda la kuliweka. Akasema atangoja apate banda. Alipopata banda, akasema atangoja kiinua mgongo. Ukweli unaocheleweshwa huota mizizi kama muhogo. Anayetaka kuung'oa baadaye hutoka na udongo wa shamba zima. Ilipita miaka thelathini na minne. Ndipo siku moja, Siraji alipokwenda msibani Yumbe, mkunga alikuja na wachimbaji na lori, na gari likasafiri hadi Awindiri, Arua, chini ya mizigo ya nyasi. Siraji alirudi akakuta shimo, jiwe limelazwa kando, wala hakuna aliyemwambia nani kachimba.

Fundi wa Awindiri, Adriko, alikuwa na mkono ambao bati liliutii kama mbwa. Alifanya kazi miaka minne. Mariam Poni alimwachia achague kila kitu isipokuwa kimoja. Magogo ya shimoni yalipooza, jiwe lilikuwa limeshuka likakalia paa, na kitako chake kikaacha bonde lenye pembe tatu. Bonde hilo lisiguswe, alisema, kwa kuwa hati za gari zililiwa na mchwa, na hiyo ndiyo hati iliyobaki. Adriko alikubali kwa mdomo.

Basi Jumamosi hiyo, wakaguzi wakiwa kwenye gari la tano na la Mariam Poni likiwa la saba, pikipiki iliingia uwanjani. Nyuma ya dereva alikaa Siraji, mvi kichwani, amekumbatia jiwe refu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mmoja wa wachimbaji, baada ya kunyamaza miaka minne, alikuwa amesikia redioni tangazo la pua na mashariki, akacheka kwamba lile la Midia lilizikwa bila kuulizwa mashariki ni wapi, na kisha akalazimika kueleza sababu ya kucheka.

Siraji alilitua jiwe mbele ya gari. Hakupaza sauti.

"Mama Poni, watoto yangu sita, yote ulizalisha wewe. Mimi siwezi kukutukana. Nauliza kitu moja tu. Mifupa ya ami yangu uliweka wapi?"

Mariam Poni alijibu kwamba pale Midia hapakuwa na mifupa, palikuwa na gari hili.

"Hata wachimbaji wako wanasema hivyo," Siraji alisema. "Lakini mtu unayelipa, anasema ile unataka."

Mwenyekiti wa kamati, Stella Kiden, mwanamke aliyependa mambo yenye vifungu, aliita wenzake pembeni. Waliporudi alieleza kwamba kama kaburi la Mwislamu limefukuliwa, jambo hilo si la kamati. Gari litapelekwa polisi kungoja kesi, na mwenye gari ataandikwa maelezo. Kila aliyekuwepo alijua magari yanavyongoja kesi: hungoja hadi miti iyaotee ndani. Na jina la mkunga aliyefukua maiti halingengoja hata kesi. Aliulizwa kama ana ushahidi.

"Uko juu ya paa," alisema, akanyoosha mkono bila kutazama, kama mtu anayegusa paji la mwanawe.

Kiganja kilipita, kikarudi. Paa lilikuwa laini kama yai.

Alimgeukia Adriko, aliyekuwa amevaa koti la kanisani kwa heshima ya siku. Fundi alitazama viatu vyake, kisha akasema maneno ambayo pengine ndiyo magumu kuliko yote aliyowahi kuyasema.

"Mama, mimi ni fundi. Gari ikitoka kwangu na shimo kichwani, Arua nzima itasema Adriko alichoka. Ile siku ulienda kutafuta kitenge, nilijaza. Nilisugua siku mbili. Hakuna mutu anaweza kuona."

"Hakuna," Mariam Poni alikubali. "Hata mimi sioni. Sasa lifunue wewe."

Adriko alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya nyasi. Gari likasukumwa na kugeuzwa ili watu wote waone. Alishika patasi na kuanza kubomoa kazi iliyokuwa safi kuliko zote alizowahi kufanya, na waliomjua walitazama kando kama watu wanaomwona mwanamume analia. Kijani kilipukutika. Chini yake ukatoka udongo mweupe wa mafundi, na chini ya huo, kijivu cha mwaka 1964. Mwisho likafunguka bonde: kina cha nusu kidole, pembe tatu, moja imepinda.

Siraji hakungoja kuambiwa. Alilinyanyua jiwe yeye na mtu mwingine, wakakitia kitako chake bondeni. Halikutikisika. Lilikaa kama kifuniko juu ya chungu chake, hata ile pembe iliyopinda. Jina la Muzamili likasimama juu ya paa la kijani, limeandikwa juu ya tabaka za chokaa za Idi zote zile, na kwa muda gari likawa tena kaburi zuri kuliko makaburi yote ya Midia.

"Basi hapakuwa na mtu," Siraji alisema.

"Hapakuwa."

"Na wewe ulijua."

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Ushahidi haukufika huko. Mariam Poni alinyoosha mgongo.

"Nilijua tangu mwaka wa themanini na sita. Nilikuacha ulisomee gari Yasini, kwa sababu hakuna askari angelilinda vile. Mwanangu Siraji, haya yote unayoyaona yanang'aa, ni wewe uliyeyatunza. Na nilikuibia kilio chako."

Siraji aliweka kiganja juu ya chokaa. "Sasa mimi nitasoma wapi?"

Stella Kiden, ambaye kalamu yake haikupenda kimya, alijaza fomu: Kasoro, moja, paani.

"Andika mbili," Mariam Poni alisema. "Ya pili haiko kwenye gari."

Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba fomu ina nafasi ya kasoro za gari tu.

Adriko aliomba ruhusa ya kulijaza tena bonde siku ya pili, bila malipo. Mkunga alikataa. Alisema lisiguswe hadi yeye mwenyewe atakapokuwa chini ya jiwe, na Arua isiyojua kwa nini fundi wake aliliacha iende Awindiri ikaulize. Adriko alivaa koti lake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisimama karibu na gari kama mtu aliyelitengeneza.

Kisha Mariam Poni alifungua mlango wa abiria. Siraji alisita, halafu akaketi kwenye kitenge, jiwe mapajani, jina likimtazama. Gari liliondoka bila kungoja wakaguzi, paa likiwa na jeraha wazi, na njia nzima hadi barabara ya Koboko watu walisimama kulipisha kama wanavyosimama msafara wa maziko unapopita. Walichoambiana ndani yake hakuna aliyekisikia.

Jumatatu, kwenye milango ile ile, ulibandikwa uamuzi. Kamati iliridhika kwamba kilichofukuliwa Midia ni gari, hivyo hakuna kaburi lililovunjwa na lalamiko la Ndugu Siraji limefungwa. Kuhusu mahali alipo Koplo Muzamili, kamati haina mamlaka, na inamshauri mlalamikaji apeleke suala hilo panapohusika. Gari namba saba limekutwa na kila sifa ya gari la kale. Lakini kwa kuwa wakati wa uchunguzi liligeuzwa, pua yake ikaelekea kaskazini, yaani Koboko, halikukaguliwa. Chini ya mhuri, mtu asiyejulikana aliongeza kwa penseli hukumu ambayo kamati haikuifikia: kizuri hakikosi ila.