Kishina Kwenye Rafadha

Anayedharau mwiba huondoka akicheka, akarudi akichechemea. Ndivyo yalivyomkuta mwanamke mmoja aliyeendesha boti ya abiria ziwani, ambaye watu wote walimwita Nahodha.

Siku alipoileta boti hiyo kwa lori kutoka ziwa jingine, mumewe, fundi wa injini, aliona kishina cha gugumaji kimenasa kwenye rafadha, pangaboi linalosukuma boti. Akamsihi wakifukie nchi kavu kwanza. Nahodha alikuwa na kiherehere cha kuelea, na ua la zambarau la kishina hicho lilimpendeza. Akakitupa majini.

"Kijani kidogo hiki kitanifanya nini?" alisema.

Kishina kikazaa, wana nao wakazaa. Wavuvi walipolalamika, Nahodha aliwacheka akawaambia injini yake inapita popote. Kumbe kila alipopita, rafadha iliyakatakata magugu na kuyasambaza, na kila kipande kikaota upya.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa binti yake wa pekee, wa kuingia chuo cha uuguzi, ng'ambo ya ziwa. Kengele ikilia, lango hufungwa, na hakuna nafasi ya pili. Wakadamka wote watatu. Lango likiwa tayari linaonekana, injini ikakohoa, ikazimika. Fundi akaiinua, akakata mizizi, akawasha, ikazimika tena.

Basi wakashika makasia! Baba huku, mama kule, binti mbele akiyasukuma magugu kwa ubao, kalamu kaifunga kwenye kitambaa cha kichwa. Kengele ikaanza kulia. Binti akaruka majini hadi kiunoni, akakimbia akichuruzika, akapenya langoni mlinzi akiwa anasukuma komeo. Nahodha akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Alipogeuka, njia waliyoipasua ilikuwa imeshajifunga. Viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu. Mumewe akamkabidhi reki.

"Kijani kidogo hiki kitakufanya nini, Nahodha?"

Nahodha akakunja nguo, akashuka majini, akaanza kung'oa huku wavuvi wale wale aliowacheka wakimtazama, kisha mmoja mmoja wakashuka kumsaidia. Kilichohitaji vidole viwili siku ile, sasa kilidai mikono ya mji mzima. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.