Jina Moja Ukutani

Nipeni masikio yenu, nami nitawarudishia yakiwa na ugomvi ndani yake. Na mtu asiniulize mimi nasimama upande gani, maana sisemi.

Huko Marekani, miaka mia moja na hamsini iliyopita, tuseme palikuwa na jimbo liitwalo Oremont. Msilitafute kwenye ramani, nimelitunga. Kila jimbo huko lina gavana wake, na watu wa Oremont walikuwa na desturi yao: gavana mpya akila kiapo, raia mmoja humshikia Kitabu kitakatifu, na jina la raia huyo huchongwa ukutani chini ya jina la gavana. Jina moja tu. Watu walikosana na ndugu zao kwa ajili ya nafasi hiyo.

Sasa wajueni watu wangu watatu. Philo Bascom, karani mtunza muhuri wa jimbo, alikuwa na kipaji cha kunyamaza. Nels Halvorsen, mwendesha gari la farasi, alizijua njia za milimani hata zikiwa zimefunikwa na theluji. Dorcas Freeman, aliyezaliwa mtumwa na sasa akipiga deki ofisi ya gavana, alikuwa na funguo zote za jengo, na kumsogeza pale aliposimama ilikuwa kazi.

Gavana wa wakati huo, Hezekiah Pruitt, alikuwa amewafukuza wakulima mashambani ili wachimba makaa ya mawe wapate nafasi. Wakulima wakamwangusha kwenye uchaguzi. Lakini mshindi akafa kwa homa kabla ya kuapishwa. Sheria ilisema naibu wa marehemu, Silas Wainwright, aape badala yake, ndani ya ofisi ya gavana, na hati ya kiapo ipigwe muhuri kabla ya saa sita mchana siku ya Jumatatu. Likikosekana moja kati ya hayo, Pruitt anabaki miaka minne mingine. Na Wainwright alikuwa kwake, ng'ambo ya milima.

Pruitt akacheka. Akasimamisha treni za milimani, akafunga ofisi, akatuma askari wauchukue muhuri.

Philo alikuwa ameshaufukia kwenye banda la kuku. Askari wakamuuliza uko wapi. Kimya. Wakaitia moto nyumba yake, aliyoijenga kwa mikono yake, wakamsimamisha uani aitazame. "Sema, tuuzime." Philo akawajibu, "Kwa baridi hii, mmefanya vizuri kutuwashia moto." Hakusema lingine.

Nels akafunga farasi kwenye gari, akavuka milima, akamchukua naibu. Siku ya pili Wainwright mwenyewe akamsihi warudi. "Mheshimiwa," Nels akamwambia, "kazi yako wewe ni kukaa. Kaa." Walipoingia mjini asubuhi ya Jumatatu, vidole sita vya miguu ya Nels vilikuwa vimekufa kwa baridi. Baadaye vilikatwa.

Philo akaufukua muhuri, akaja nao. Dorcas akawafungulia wote mlango wa wafagiaji, akawaingiza ofisini, akafunga kwa ndani. Askari wakaja na gogo, wakavunja kufuli. Dorcas akauzuia mlango kwa bega. "Fungua, mfagiaji wewe." "Nikimaliza kazi." Wakapiga tena, bega likavunjika. Alibaki palepale. Mkono ule haukuinuka tena maishani mwake.

Basi Wainwright akaapa. Lakini nani amshikie Kitabu? Philo alikuwa ameubana muhuri kwa mikono yote miwili juu ya hati. Nels alikuwa sakafuni, mikono imekakamaa, haishiki hata karatasi. Dorcas alikuwa mlangoni. Kitabu kikawekwa dirishani, gavana akaapa hivyo hivyo, na saa ikagonga sita muhuri ukiwa umeshashuka. Jioni hiyo Pruitt alikuwa anafunga mizigo.

Majira ya joto fundi wa mawe akaja kuchonga. "Chini ya jina lako niandike nani?" akamuuliza gavana, wale watatu wakisikia.

"Mimi," alisema Philo. "Bila muhuri, kile kiapo kingekuwa maneno ya mlevi."

"Mimi," alisema Nels. "Bila mimi mngemwapisha nani, kiti?"

"Mimi," alisema Dorcas. "Bila mlango ule mngeapia gerezani. Na jina la Freeman nilijichagulia mwenyewe siku niliyopata uhuru. Halijaandikwa popote ila kwenye orodha ya wafagiaji."

Gavana akakuna kichwa. "Nafasi ni moja na sheria ni sheria. Basi tuache patupu, tusigombane."

Dorcas akamtazama usoni. "Hapana, Mheshimiwa. Patupu ndivyo tunavyosahauliwa. Chongeni moja. Nikishindwa, nishindwe na mtu aliyeumia kama mimi. Kushindwa na woga wako sikubali."

"Sikubali," alisema Nels.

"Wala mimi," alisema Philo, na siku hiyo ndipo walipokubaliana jambo.

Hapo nawaachia. Msinipe jibu la kuandika wote watatu, jiwe halina nafasi. Msiniambie patupu, mmesikia walivyojibu. Fundi ameshaweka tindo ukutani na nyundo iko juu. Wewe uliyekaa hapo mbele, anza: ungemwambia achonge jina la nani?