Umri wa Somoe

Hapo zamani, katika mji wa mlimani walikolima tangawizi, palikuwa na mjane aitwaye Mwanaheri na binti yake wa pekee, Somoe. Mwaka wa mvua kubwa nyumba yao iliporomoka. Mzee Shekuwe, mwenye ng'ombe wengi, akawapa chumba. Baada ya mavuno akamtaka Somoe awe mkewe.

"Ana miaka kumi na minne, mzee wangu," Mwanaheri akasema.

"Taja kumi na minane. Ama mtafute pengine pa kulala."

Mwanaheri akaenda kwa mtendaji wa mji, akaapa: kumi na minane. Cheti cha ndoa kikaandikwa.

Somoe akamkimbilia mama yake mara ya kwanza, mguu umevimba. Mama akamrudisha. Akakimbia mara ya pili, jino limeng'oka. Mama akamkanda kwa maji ya moto, akalia, akamrudisha. Mara ya tatu hakukimbia. Alikoroga dawa ya kupe katika chai ya mumewe.

Shekuwe alikufa zahanati siku ya pili. Kabla hajakata roho tabibu aliyaandika maneno yake, nayo yakasomwa mahakamani: "Nakufa. Somoe ndiye aliyenipa chai, nilimwona akikoroga. Lakini msimnyonge. Ni mtoto. Nilijua, na mama yake alijua."

Mwanaheri akashusha pumzi. Sheria ya nchi ile ilimnyonga mtu mzima aliyeua. Mtoto ilimfunga tu.

Jaji akasema, "Maneno ya anayekufa tunayapokea kwa kile kilichomuua, basi. Umri wa mkewe haukumuua."

"Ndio uliomuua, mheshimiwa!" Mwanaheri akapaza sauti.

Wakampandisha kizimbani.

"Niliapa uongo," akasema. "Leo ana kumi na mitano."

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Kilifukiwa na nyumba."

"Mkunga?"

"Marehemu."

"Basi nina viapo viwili vya mama mmoja. Cha kwanza uliapa wakati hakuna aliyeshtakiwa. Cha leo unaapa kumwokoa mwanao. Niamini kipi?"

Jaji akamgeukia Somoe. "Wewe una miaka mingapi?"

"Sijui, mheshimiwa. Siku ya ndoa niliambiwa kumi na minane. Leo nasikia nimepungua."

Akahukumiwa kunyongwa.

Mwanaheri alimwona mara moja tu, kwenye nondo za gereza.

"Mama, kweli nina mingapi?"

"Kumi na mitano, mwanangu."

"Ungesema siku ile."

Mwezi wa tano akanyongwa. Mwanaheri akaletewa kanga ya mwanawe, imekunjwa.

Mji ukagawanyika. Dada yake Shekuwe alisema, "Kaka yangu alimwombea akiwa anakufa. Mlitaka afanye nini zaidi?" Jaji aliulizwa, akasema, "Nilifuata cheti. Sikukiandika mimi." Mtendaji akasema, "Niliandika alichoapa mzazi." Wengine walisema wa kulaumiwa ni Somoe mwenyewe, maana mkono uliokoroga ulikuwa wake. Na Mwanaheri, alipoulizwa kisimani, alisema, "Nilimtafutia paa," kisha akajitwika ndoo yake, akaondoka.

Haya, ninyi mliokaa mkanisikiliza: mtu mzima aliyejua na akaoa, mama aliyeapa, mtendaji aliyeandika, jaji aliyepokea nusu ya maneno ya maiti, na mtoto aliyekoroga. Je, nani alimvisha Somoe kitanzi?