Mnana na Mafundo ya Wenzake

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitikia kama mliolala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni, lakini msijinyooshe, maana leo nawaletea kiumbe asiyejua kukaa.

Hapo zamani za kale, mtoni palikuwa na daraja la kamba za ukindu. Alilisuka Mnana, yule ndege fundi wa viota. Wanyama wote walipita bure kwenda kula matunda ng'ambo, na Mnana hakudai hata punje.

Nyumbani mkewe alikuwa ameatamia mayai matatu, katika kiota kisicho na paa.

"Mume wangu, masika hayo yanakuja. Funika hapa juu."

"Leo leo, mke wangu."

Mara sauti kutoka mtoni: "Mnanaa! Kamba imelegea!" Mnana huyo, mbio!

Siku ya kwanza alimkuta Kima ameshaifunga ile kamba.

"Nimekusaidia, kaka. Rudi ukapumzike."

Mnana akaligeuza fundo, akaligeuza tena. "Kwenu ndivyo mnavyofunga? Sivyo ninavyofunga mimi." Akalifungua, akalifunga upya mpaka jua likazama. Kima akaenda zake kanuna.

Siku ya pili, "Mnanaa! Kamba imelegea!" Mnana huyo, mbio! Alimkuta Panya ameshafunga.

"Hili nalo ni fundo?" Akalifungua, akalifunga upya. Paa je? Halijaguswa.

Siku ya tatu, "Mnanaa!" Mnana huyo! Alimkuta Kinyonga. Maskini, asubuhi nzima alikuwa akifunga fundo moja tu.

"Wewe! Ungemaliza mwaka gani?" Mnana akaanza kulifungua. Halifunguki. Akavuta, akadonoa, akahema. Halifunguki.

Hapo mvua ikashuka.

Mnana akakumbuka nyumbani. Huyo, mbio! Alipofika, kiota kimejaa maji na yai moja limeanguka, limevunjika. Mkewe ameyakumbatia mawili, analowa, analia.

"Nisamehe, mke wangu."

"Fundo la Kima umelifunga upya. La Panya umelifunga upya. La nyumbani kwako hujalifunga hata mara moja."

Mara mtoni kelele zikaanza: "Mnanaa! Mto umefurika! Kamba zinakatika!"

Mbawa zikamwasha. Akainuka, akakaa. Akainuka, akakaa. Jamani, mnamwona? Mwishowe akapaza sauti:

"Kinyonga, funga! Panya, funga! Kima, waite na wenzako! Kila mtu afunge anavyojua, sitafungua!"

Akabaki, akasuka paa. Kule mtoni daraja lilipigwa na maji, likayumba, lakini halikukatika. Na fundo lililoshika kuliko yote lilikuwa lile la Kinyonga.

Makinda mawili yalianguliwa. Mnana aliyalisha kwa furaha, lakini kila alipotoka aliangalia chini, pale lilipoanguka yai la tatu.

Basi wenzangu, kazi ya wote iachieni mikono ya wote, hata mikono isiyofunga kama yenu. Na unayejitolea kwa watu, wa nyumbani kwako nao ni watu.

Hadithi yangu naitua hapa. Atakayeiokota aisimulie kwa mdomo wake, sitamsahihisha. Mimi naondoka, mke wangu ananingoja.