Viroboto wa Mashavu

Bwana Zahrani, tajiri wa mtaa, alilala kitanda kimoja na paka wake wa kizungu. Viroboto walipochachamaa, akamfokea Mashavu, mpangaji wake wa chumba cha uani, mbele ya majirani:

"Wametoka kwa hicho kipaka chako cha jalalani! Viroboto wako hao, watoe nyumbani mwangu leo, ama uhame!"

"Nitawatoaje, bwana, nao wamejificha kwenye vitu vyako?"

"Popote walipo, wachukue wao na maficho yao, nisiyaone tena!"

"Majirani, mmesikia," alisema Mashavu kwa unyenyekevu.

Akabeba zulia. Akabeba godoro, kisha makochi, vyote akavipeleka kwa dada yake kuvianika juani. Bwana Zahrani akabaki kwenye sakafu tupu, mdomo wazi, akijikuna mgongo.

Mashavu akarudi, akanyoosha mkono.

"Lete na kanzu, bwana. Naona kuna wangu waliobaki."