Lubaba na Swali Lililokatazwa

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mji chini ya milima ya mawe, na liwali wake akiitwa Mutarrifu, mtu mkali asiyependa kuulizwa. Liwali huyo aliwachukua wanaume wengi wa mji wakatoboe mlima ili maji yapite. Wakaagana na wake zao wakaenda, na tangu hapo haikurudi habari wala salamu.

Kisha mpiga mbiu akapita sokoni: "Atakayeuliza habari za waliokwenda mlimani ni mfitini, na malipo ya mfitini ni mjeledi!" Muuza siki mmoja, mwanawe akiwa huko, hakustahimili, akauliza. Alichapwa mbele ya msikiti hata asiweze kusimama. Kuanzia hapo watu wakikutana hutazama chini, na jirani akamwogopa jirani.

Miongoni mwa wake waliobaki alikuwapo Lubaba binti Harithi, mfumaji wa mazulia. Alikuwa mcha Mungu, lakini hakuwa shujaa. Akisikia viatu vya askari kichochoroni, mkono humganda juu ya uzi. Mumewe Hudhaifa alikuwa mlimani. Naye hakujua kama ni mke au mjane, akae eda au asubiri, amwombee salama au amwombee rehema. Wenziwe walikuwa hali hiyo hiyo, wakija kwake kulia bila sauti.

Akamwambia mavyaa yake, mamake Hudhaifa, "Mama, nakwenda kumuuliza liwali."

Bi kizee akamshika nguo. "Mwanangu, mmoja sina habari naye, nawe nikukose? Nyamaza. Mungu anajua."

"Anajua, Mama. Na liwali naye anajua. Sisi tuliowatoa ndio tusiojua."

Siku ya baraza akaenda, na wenziwe wakabaki mbali, nje ya lango, wamejifunika nyuso. Mlangoni bawabu akamsikiliza haja yake, akatazama huku na huku, akamnong'oneza: "Binti, nitakwambia habari za mumeo peke yake, kisha upite mlango wa nyuma. Hukuja, sikukuona."

Lubaba akahisi moyo wake ukimvuta. Neno moja tu, kisha arudi nyumbani salama! Nani angemlaumu?

"Na wenzangu?" akauliza.

"Wenzako hawamo."

Akafumba macho, akamwomba Mola wake subira, akasema, "Nimebeba amana yao. Nifungulie."

Akaingizwa. Liwali aliposikia alilokuja nalo, uso ulimbadilika, akaashiria mjeledi uletwe. Askari akausogeza, akasimama nyuma ya Lubaba.

Lubaba akasema: "Ewe liwali, Mungu akuongoze. Mimi nakuogopa, wala sikufichi. Sikuja kukulaumu, nimekuja kuuliza. Wako hai au wamekufa? Kesho mbele ya Mola wetu, mimi nitaulizwa kwa nini nilinyamaza, nawe utaulizwa kwa nini hukujibu. Nami naogopa swali hilo kuliko mjeledi huu."

Askari akangoja amri, nayo isije. Liwali akautazama mjeledi, kisha akaashiria ushushwe.

"Mlima uliporomoka," akasema hatimaye. "Waliokuwa ndani ya handaki wamekufa. Waliokuwa nje ni wazima, nimewazuia wasije wakasema. Niliogopa mji utaniasi." Kisha akawataja waliokufa, mmoja baada ya mmoja, na Hudhaifa alikuwa miongoni mwao.

Lubaba akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sasa wafungulie waliobaki." Na liwali akaamuru wafunguliwe.

Alipotoka, wanawake wakamkimbilia. Hapo ndipo ilipomjia hofu kubwa kuliko ile ya mbele ya mjeledi, maana sasa yeye ndiye ajuaye. Safiya, rafikiye wa utotoni, akamshika mabega: "Niambie, dada. Wangu yupo?" Mume wa Safiya alikuwa ametajwa. Lubaba akatamani kusema hakusikia vizuri, angalau mpaka kesho. Akakumbuka kwamba ndivyo alivyoanza liwali.

"Hayupo, Safiya," akasema. "Wala wangu hayupo. Njoo tukae eda pamoja." Wakashikana, wakalia kwa sauti, na hakuna askari aliyewanyamazisha. Alasiri ile mji ukawasalia maiti wake sala ya ghaibu, miili yao ikiwa mbali mlimani, na njia ya mlimani ikajaa watu waliokwenda kuwapokea walio hai.

Basi enyi ndugu, habari za watu ni amana mikononi mwa aliyetawalishwa juu yao, na kuiulizia si fitina. Wala msidhani Mungu huwapa ujasiri wasioogopa tu. Lubaba aliogopa alipoingia na akaogopa alipotoka, na mara zote mbili alisema kweli. Mola amrehemu, na atupe nasi ulimi wa kuuliza na moyo wa kujibu. Amin.